Mkono Kwenye Sinia

Vifaa karibu vyote vya kutegemeza mkono wa mgonjwa wa Parkinson nilivyokutana navyo kwenye majarida ya kazi yangu vimepigwa picha pamoja na kijiko. Pana meza, pana bakuli la supu, na mzee aliyekaa kitini anapeleka kijiko mdomoni kwa mkono uliovishwa gango au glavu. Sina ugomvi na picha hizo. Lakini ami yangu, ambaye ndiye aliyenifanya nianze kuvichunguza vifaa hivi, hakuwa mtu wa kijiko wala wa meza. Alikula kwa mkono wa kulia, amekaa mkekani, kwenye sinia moja na wenzake. Karibu yote ninayoyajua leo kuhusu mkono unaotetemeka nimeyapata kwa sababu ya sinia hilo.

Mimi ni fundi wa viungo bandia na vifaa tegemezi. Nilisomea Moshi, kwenye chuo cha TATCOT kilichoko hospitali ya KCMC, ambacho tangu 1981 kimekuwa kikiwafundisha mafundi wa kazi hii kutoka nchi nyingi za Afrika. Tulichokizoea ni miguu: waliopooza kwa polio, walioumia kwenye bodaboda, waliokatwa mguu kwa kisukari, watoto waliozaliwa na nyayo zilizopinda. Mkono ulikuja karakana mara chache, na mkono wa mgonjwa wa Parkinson ulikuja mara chache zaidi, kwa kuwa wagonjwa hao kwetu mara nyingi hawafiki hata kwa daktari. Watafiti waliopita nyumba kwa nyumba wilayani Hai, Kilimanjaro, kwenye eneo lenye watu zaidi ya 161,000, waliwapata wagonjwa 33, na zaidi ya robo tatu ya hao walikuwa hawajawahi kuambiwa wanaumwa nini. Matokeo hayo yalichapishwa 2008. Kila nikiyakumbuka huwaza ni wangapi waliokuwa wakiitwa wazee tu, au wamerogwa, au wana jini.

Ami alikuwa Mpemba aliyehamia Tanga akiwa kijana, na kazi yake ilikuwa kushona kofia za vito. Anayeijua kazi hiyo anajua uvumilivu wake: tundu moja baada ya jingine, kila tundu linazungushiwa uzi hadi likae kama jicho, na kofia moja nzuri humla mtu wiki nyingi. Ugonjwa ulianzia hapo kabla ya kuonekana kwingine. Vito vyake vilianza kuwa vidogo, kisha vidogo zaidi, hadi mteja wake wa siku zote akauliza kama amebadilisha sindano. Baadaye nilisoma kwamba maandishi ya wagonjwa hawa nayo husinyaa vivyo hivyo, mstari ukianza kwa herufi za kawaida na kuishia kwa herufi za kubana macho.

Mtetemo wenyewe ulikuja kwa upole mno hata haukumtisha mtu. Alipokaa barazani mkono wake wa kulia ukiwa umepumzika pajani, kidole gumba kilisugua kidole cha shahada kama mtu anayevuta tasbihi. Msikitini wengi walidhani yumo kwenye dhikri, na walimheshimu kwa hilo. Aliponiambia kwamba hakuwa anahesabu kitu, na kwamba kidole hakimsikii, alinong'ona. Nilidhani ni siri. Kumbe hata sauti ilikuwa imeanza kupungua.

James Parkinson, daktari wa London aliyeueleza ugonjwa huu mwaka 1817, aliandika habari za watu sita tu, na baadhi yao hakuwapima chumbani kwake: aliwaona wakipita mtaani, akawatazama wanavyoinama na wanavyotembea. Tangu nilipolijua hilo nimempenda mtu huyo. Ugonjwa huu hujionyesha mahali mtu anapoishi kuliko kwenye kitanda cha hospitali, na aliyeutambua wa kwanza aliutambua kwa kutazama.

Daktari alipompima ami alimpa levodopa iliyochanganywa na kabidopa, dawa ambayo hadi leo ndiyo nguzo ya matibabu. Kilichopungua kwenye ubongo ni dopamini, kwa sababu chembe zinazoitengeneza zinakufa, na levodopa hugeuka dopamini ikishaingia huko. Dawa ilimrudishia hatua na ikamrudishia uso, kwani uso wake ulikuwa umekakamaa hata majirani wakaanza kusema ana kiburi. Ilimlegeza bega. Mtetemo wa mkono ndio ulioisikia kidogo, na jambo hilo ni la kawaida: kwa wagonjwa wengine mtetemo ndio mkaidi kuliko dalili nyingine zote. Katika kuhangaika watu walimletea upupu. Ni kweli kwamba mbegu za upupu zina levodopa, na wapo watafiti waliozifanyia majaribio ya hospitali. Lakini punje hazilingani nguvu, hakuna ajuaye kijiko kimoja kina kiasi gani, na kuuongeza juu ya vidonge bila daktari ni kumtia mgonjwa kwenye kichefuchefu na mwili kujinyonganyonga. Nililisema hilo mara nyingi, na nalisema tena hapa.

Kilichonitia kwenye suala la vifaa ni neno moja la ami: nimeshiba. Sinia likiletwa alisema ameshiba. Akialikwa kwenye hitima alisema amekula nyumbani. Mwezi wa Ramadhani, wanaume wa mtaa walipotoa futari zao barazani kama desturi, yeye alifuturu ndani peke yake. Mkewe, ninayemwita mama, alimtengea sahani na kumwekea kijiko, akidhani anamrahisishia. Ami alikila chakula hicho kama dawa. Mwili wake ulipungua, na daktari akahofia kwamba ni ugonjwa unaomla, ilhali njaa ilikuwa na sehemu yake.

Binamu yangu aliyeko Toronto alianza kuniletea video kwenye simu. Nilizitazama kama fundi anavyotazama kazi ya fundi mwenzake, kwa heshima na kwa wivu. Kulikuwa na glavu yenye jiroskopu, gurudumu dogo linalozunguka kwa kasi mgongoni mwa kiganja na kukataa kupinduliwa, wazo la Faii Ong alipokuwa mwanafunzi wa udaktari London. Kulikuwa na glavu nyingine ya palepale Toronto, Steadi-One, yenye kitu kinachocheza ndani yake kwa kupingana na mtetemo, kanuni ileile inayotumika kutuliza maghorofa marefu yasiyumbe kwa upepo. Kulikuwa na saa ambayo Haiyan Zhang wa Microsoft alimtengenezea Emma Lawton, msanii wa michoro aliyepata Parkinson kabla hajafika miaka 30. Saa hiyo haiushiki mkono hata kidogo. Inatikisika kwa mapigo yenye mpangilio, ubongo unapata kitu kingine cha kusikiliza, na Emma akaweza kuandika jina lake na kuchora mstari. Hispania nako akina Eduardo Rocon walikuwa wameshatengeneza gango la mkono mzima lenye mota kwenye kiwiko na kifundo, WOTAS, lililopima mtetemo na kuupinga papo hapo. Kwenye maabara lilifanya kazi, lakini waliolijaribu hawakupenda kuonekana nalo mbele za watu kwa ukubwa wake.

Nyuma ya vifaa hivi vingi mna hesabu moja ambayo ni nzuri kwelikweli. Mkono wa Parkinson hutetemeka takriban mara 4 hadi 6 kwa sekunde. Mwendo tunaoukusudia, wa kuinua kikombe au kufunga kifungo, ni wa polepole, mara nyingi chini ya 2 kwa sekunde. Kwa hiyo chombo kinachoweza kupinga cha haraka na kuruhusu cha taratibu kinaweza kutenganisha ugonjwa na nia ya mtu ndani ya mkono uleule. Nilipolielewa hilo nilikaa nikitafakari kwa muda mrefu.

Hata hivyo kila video ilinirudisha kwa ami. Glavu inafunika kiganja, na kiganja ndicho sahani yake na kijiko chake. Glavu haioshwi baada ya kila mlo wa wali na mchuzi wa papa. Mwanaume anayeswali mara tano kwa siku anatawadha hadi kiwikoni, kwa hiyo kifaa chake kinapaswa kuvuliwa na kuvaliwa kwa mkono mmoja, tena kwa vidole vilivyokakamaa. Joto la Tanga la mwezi wa pili linageuza sponji yoyote iliyobana ngozi kuwa jipu. Na bei ya glavu hizo ni kofia za vito za mwaka mzima na zaidi. Sizungumzi hivi kuwalaumu waliobuni. Walibuni kwa watu waliowaona.

Basi nikafanya alichofanya daktari yule wa 1817: nilikaa nikatazama. Nilimwomba mama atandike mkeka, tukae watatu, tule kama zamani, na ami akakubali kwa kuwa ni sisi tu. Nilichokiona hakikuwa kile nilichokitarajia. Mtetemo wa Parkinson wa kawaida ni wa mkono uliopumzika. Mkono ukipewa kazi, hutulia. Wengi wetu tulikiona hicho Atlanta mwaka 1996, bondia Muhammad Ali alipouwasha moto wa Olimpiki kwa mwenge: mkono ulioning'inia bila kazi ulitikisika vibaya kuliko ule ulioushika mwenge. Ami aliyeamka alfajiri mwaka 1974 kusikiliza redioni pigano la Ali la Kinshasa alilia siku ile mbele ya televisheni, wala hakuwa amejua bado kwamba ugonjwa ule ungefika kwake.

Vidole vya ami vilipokwenda kwenye sinia vilikuwa vimetulia. Vilikusanya wali, vikaufinyanga tonge, vizuri kabisa. Safari ya kurudi ndiyo iliyoharibika. Mkono ulipanda polepole mno, kwa uzito wa ugonjwa, ukasita katikati ya njia, na ulipositia hapo mtetemo ukarudi. Wataalamu wanalijua hili: mkono ukishikiliwa hewani kwa sekunde kadhaa, mtetemo ule wa mapumziko huamka upya. Wepesi ungemwokoa, na wepesi ndio alionyang'anywa. Wali ulimwagikia kanzu.

Hapo nilielewa kwamba kumfunga vizito kungekuwa kumzidishia. Gango lenye uzito ni kifaa cha zamani na rahisi, nimewafungia wengine na likawafaa, hasa wale wenye mtetemo wa kurithi ambao huja wakati wa kutenda. Ugonjwa huo si Parkinson ingawa watu huuchanganya nao. Kwa ami uzito ungeufanya mkono upande taratibu zaidi, na muda wa kusita ungeongezeka. Mdundo wenyewe hutoka ubongoni, na ubongo haujali mkononi umefungwa nini.

Kisha akafanya jambo ambalo nimelisimulia kwa kila mwanafunzi aliyepita karakana yangu. Aliinua goti la kulia, akakaa mkao ule ambao wazee wa pwani hukaa wakila, akaegemeza kiwiko juu ya goti. Mkono ukawa na mhimili. Ulishuka kwenye sinia, ukapanda mdomoni, njia fupi na ya upande mmoja, bila bega kubeba chochote. Tonge la pili halikumwagika lote. Akaniambia, "Hivi ndivyo ningekula, mwanangu, lakini kiwiko kinateleza, na goti linachoka."

Kifaa kilikuwa kimeshabuniwa na mgonjwa. Kazi yangu ilibaki kuzuia kiwiko kisiteleze na goti lisichoke. Nilimtengenezea vipande viwili. Cha kwanza kilikaa juu ya goti: kibakuli kifupi cha plastiki ile inayolainika kwenye maji ya moto, kikafinyangwa juu ya paja lake mwenyewe, na juu yake handaki la kiwiko lililowekwa ngozi ya mbuzi ili lisiteleze na lisichome. Chini yake nilishonea mto wa pamba ulioshuka hadi mkekani kubeba uzito wa mguu. Cha pili kilikuwa gango jepesi la kigasha, lililoanzia chini ya kiwiko na kuishia kabla ya kiganja, likikishika kifundo kimeinuka kidogo kwenda nyuma, kwa sababu kifundo kilichoanguka hufanya vidole vifunguke na tonge lidondoke. Ndani niliweka kitambaa cha pamba kinachovuliwa na kufuliwa. Mkanda wa velkro ulikuwa mmoja, mpana, wenye pete kubwa ya kuvutia hata kwa meno. Kiganja na vidole vilibaki wazi.

Mtaalamu wa tiba kwa vitendo tuliyekuwa tukifanya kazi pamoja alikuja kumfundisha. Bila yeye gango lingeishia juu ya kabati, maana kifaa bila mazoezi ni pambo. Alimzoesha kula saa ile dawa imeshika, kama nusu saa au zaidi baada ya kidonge. Akamweleza pia kwamba nyama, samaki na maharage hushindana na levodopa tumboni, kwa hiyo kidonge kitangulie chakula. Alimzoesha kuhesabu kimoyomoyo "moja, mbili" na kupandisha mkono kwenye "mbili," bila kusita njiani. Wagonjwa hawa husaidiwa sana na mdundo wa kujipa wenyewe. Wapo wasioweza kuvuka mlango lakini wakipigiwa makofi ya mdundo huvuka.

Ramadhani iliyofuata alitoka barazani. Nilikuwepo. Alivaa gango chini ya mkono wa kanzu, kibakuli cha goti kilijificha chini ya kikoi, na mwenyewe alichagua kukaa pembeni, upande wa kulia, ili kiwiko kisimguse mtu. Wali ulimwagika, na wenzake waliumwaga vilevile, kama inavyotokea watu wanane wakila sinia moja gizani. Hakuna aliyesema neno kuhusu mkono wake. Jirani mmoja alimlalamikia kwamba amemalizia pweza wote, na ami akamjibu kwa sauti iliyosikika hadi ng'ambo ya njia.

Kofia hakurudi kushona. Nilitamani sana iwe hivyo na tulijaribu mihimili ya namna namna, ila mkono unaopungua mwendo hauwezi kutungwa upya kwa plastiki, na kushona vito kunataka mikono yote miwili. Alibaki kuwasahihisha vijana, akishika kofia mbele ya macho na kutaja tundu lililolegea.

Kifaa kile hakikumfaa hadi mwisho, na hili linanigusa kama fundi kuliko jingine lolote. Kadiri miaka ilivyokwenda mtetemo ulipungua wenyewe, kama unavyofanya kwa baadhi yao, na mahali pake pakakaa ugumu. Goti halikupanda tena. Hapo ndipo kifaa cha zamani cha wagonjwa wa polio kilipomfaa: mkono wa chuma unaofungwa kwenye kiti, wenye handaki linalobeba kigasha na kuzunguka kwenye viungo viwili, ili mkono dhaifu uelee bila kubeba uzito wake. Tulikula naye akiwa kitini, sinia likiwa juu ya stuli mbele yake, nasi tukakaa kwenye viti tumzunguke. Alifariki kwa homa ya mapafu, maradhi ambayo huwachukua wengi wao. Mungu amrehemu.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 duniani kulikuwa na watu zaidi ya milioni 8.5 wenye Parkinson, na idadi inapanda kwa sababu watu wanaishi miaka mingi zaidi, Afrika ikiwemo. Nawaambia wenzangu wa karakana tusisubiri glavu ishuke bei. Plastiki tunayo, ngozi tunayo, mafundi wanahitimu Moshi kila mwaka. Kilicho adimu ni mgonjwa kuletwa kwetu mapema, na sisi kuacha kuuliza mkono unatetemeka kiasi gani kabla hatujauliza unataka kufanya nini. Mvuvi wa Kigombe aliyekuja karakana hakujali kula. Alitaka kuvuta mshipi bila ndoana kumchoma, na gango lake likawa na kinga ya ngozi gumbani. Mwalimu mstaafu alitaka kutia sahihi benki, kwa kuwa benki ilikuwa imeikataa sahihi yake ndogo. Tulimtengenezea mto wa kigasha wa kuweka kaunta, na tukamwandikia barua.

Sasa ninaye mama mmoja wa Pongwe anayeuza chapati. Mtetemo uko mkono wa kushoto, na ugumu uko mabegani kote. Alipokuja alinyoosha mikono mbele yangu kama walivyomzoesha hospitali, nikamwambia aishushe. Nimemwomba aje Alhamisi na kibao chake, kifimbo chake cha kusukumia na unga alioukanda nyumbani, aketi kwenye kigoda chake mwenyewe, na asianze kusukuma hadi kidonge cha asubuhi kimeshika.